Fidla na Mtungi: Picha za Vitu Visivyo na Roho

Ukimtajia mtu wa pwani neno "mchoraji", mara moja hufikiri sura ya mtu: picha ya mkubwa fulani iliyotundikwa dukani, au ya bwana harusi na bi harusi waliosimama wima mbele ya pazia. Lakini uko uchoraji mwingine, mkongwe na wenye heshima kubwa huko Ulaya, ambao haumtaki mtu wala mnyama. Mchoraji huweka mezani mtungi, sahani ya matunda, kisu na mkate, pengine na ala ya muziki, kisha akavichora. Wafaransa huuita kwa jina ambalo maana yake ni "maumbile yaliyokufa". Leo, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya mtu aliyevichora vitu hivyo kwa namna iliyowashangaza walimwengu, na juu ya somo alilotuachia hata sisi wa huku Mto Tana.

Jina lake ni Georges Braque. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1882 huko Argenteuil, karibu na Paris, akakulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Hakutoka katika nyumba ya wanazuoni. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kupaka rangi majumba, naye akafunzwa kazi hiyo hiyo: kuchanganya rangi, kupaka ukuta ukafanana na marumaru, na kupitisha chanuo juu ya rangi mbichi mpaka ubao wa kawaida ukaonekana kama mti wa thamani. Kazi hiyo hakuionea haya hata alipokuwa mashuhuri. Mnamo 1912 aliyatia mambo hayo ya ufundi ndani ya picha zake, akabandika hata vipande vya karatasi ya ukutani iliyopigwa chapa ya mbao.

Mwishoni mwa 1907 alijuana na Pablo Picasso, Mhispania aliyekuwa akikaa Paris. Mwaka uliofuata Braque alipeleka picha zake kwenye maonyesho makubwa ya mji huo, zikakataliwa. Mwezi wa Novemba 1908 mfanyabiashara Daniel-Henry Kahnweiler akazionyesha dukani kwake, na mhakiki Louis Vauxcelles akaandika kwa kejeli kwamba bwana huyu anageuza kila kitu kuwa michemraba. Ile kejeli ndiyo iliyozaa jina: Kubizimu. Kwa miaka kadhaa Braque na Picasso walifanya kazi kwa ukaribu mkubwa, hata baadaye Braque akasema walikuwa kama wapanda milima wawili waliofungwa kamba moja. Vita vya 1914 ndivyo vilivyowatenga. Braque alikwenda vitani, na 1915 akajeruhiwa vibaya kichwani. Alipona, akaendelea kuchora hadi kufa kwake mwaka 1963.

Katika picha zake zote, iliyonishughulisha zaidi ni "Fidla na Mtungi", ya mwaka 1910, ambayo leo imo katika jumba la sanaa la mji wa Basel, Uswisi. Rangi zake ni chache: kijivu, kahawia, na weupe kidogo. Fidla, ile ile tunayoisikia katika taarabu, imegawika vipande vipande. Shingo yake umeiona kutoka huku, tumbo lake kutoka kule. Mtungi nao umekatikakatika kama kioo kilichoanguka. Lakini juu kabisa amechora msumari mmoja uliokamilika pamoja na kivuli chake, kwa namna ile ya kawaida ambayo kila mtu huielewa. Ni kama anayetuambia: kuchora kama wenzangu nakujua, ila nimeamua kufuata njia nyingine.

Ameamua kwa sababu gani? Mtu haujui mtungi wake kwa kuutazama akiwa mlangoni. Anaujua kwa kuwa ameuinua ukiwa umejaa, ameuinamisha, ameutia mkono kuusugua ndani. Jicho lililosimama mahali pamoja huona upande mmoja tu, na upande mmoja si mtungi. Braque alitaka kuzileta zile pande zote kwa pamoja juu ya kitambaa kilicho bapa, na hapo ndipo vitu vilipovunjika mkononi mwake.

Sisi tuliolelewa na vitendawili hatuna haki ya kushangaa sana. Mtegaji haitaji yai; husema tu kwamba nyumba yake haina mlango. Anakupa kipande, na wewe msikilizaji ndiwe unayekiunga mpaka kitu kizima kikasimama mbele yako. Na ule uchache wa rangi watunzi wa mashairi wataufahamu vilevile. Anayejifunga kwa mizani na vina hafanyi hivyo kwa umasikini wa maneno, bali ili neno moja lifanye kazi ya matatu.

Kitabu chenye picha hiyo nilikuwa nacho Hola, nikamwonyesha mzee mmoja mchonga mitumbwi. Alikigeuza kitabu juu chini, kisha akakirudisha. "Huu ni mtungi," akasema. "Lakini bwana huyu hakukaa kitako. Alikuwa akizunguka." Akanieleza kwamba naye anapochimba gogo haoni unene wa ubavu wa mtumbwi, huupima kwa mikono miwili, mmoja ndani na mmoja nje. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele karibu yetu, alichungulia naye akauliza, "Na maji yatakaa humo?" Tukacheka sote, lakini swali lake lilikuwa la mtu anayejua mtungi ni kitu gani.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Sivyo. Tuliosoma vyuoni tulifunzwa Hadithi ya Ibn Abbas, ambaye alijiwa na mtu aliyekula kwa kuchora sanamu, akamwonya, kisha akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Mafundi wa pwani wakaushika mlango huo ulioachwa wazi, wakachora maua, minyororo na majani katika milango ya Lamu na Siyu. Katika majumba ya mawe wakajenga zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa ukutani, na ndani yake wakapanga sahani na mabakuli ya kutoka Uchina. Kila kidaka kilikuwa picha ya kitu kilichotulia, isipokuwa kwamba kitu chenyewe kilikuwamo. Naye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha kwamba dunia hupita, alivitaja vidaka vya Pate vilivyobaki bila ya sahani, ndege wakiwa wamefanya makao.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Braque alishikilia kwamba picha ya vitu ikiwa mbali hata mkono haufiki, si picha ya vitu tena. Alizipenda ala za muziki kwa sababu huwa hai zinapoguswa. Sasa tuifuate Tana kwenda chini, upande wa Garsen, katika nchi ya Wapokomo. Walikuwa na ngadji, ngoma yao kubwa ya heshima, isiyolia kwa kupigwa bali kwa kusuguliwa, nayo ilikuwa chini ya wazee na si ya kutazamwa na kila mpita njia. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliitwaa. Tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum, London. Viongozi wa Wapokomo wameomba irudi, na jumba hilo limefungwa na sheria ya Uingereza ya 1963 inayolizuia kutoa vitu vyake ila kwa sababu chache.

Huko London ngadji haipungukiwi na ulinzi wala hesabu ya vipimo vyake. Inakosa mkono. Na ala isiyofikiwa na mkono wa anayejua kuiliza ndiyo maumbile yaliyokufa kwa maana halisi ya maneno hayo.

Tusingoje London peke yake. Kinu na mchi, kibuyu cha maziwa cha Waorma, kafi, mkeka, na sinia ya maembe yetu bado viko Hola, karibu na mikono. Walimu wa shule zetu wangewapa watoto wavishike kwanza, wavizungushe, ndipo wavichore. Na mtoto asiadhibiwe kwa kuchora kinu chenye pande tatu. Na wenye ngadji wangeendelea kuidai, kwa maana wazee wanaokumbuka habari zake wanapungua kila mwaka.