Bustani ya Kiangazi Nyuma ya Nyumba

Watu wasioijua Ufipa hudhani ya kuwa sisi tukaao juu ya uwanda huu hatuna kazi ya bustani tangu mvua zikome hata zirudi mwezi wa Novemba. Nami zamani nalidhani vivyo hivyo. Sumbawanga iko juu, yapata mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi hushuka kuelekea Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki hushuka katika bonde la Ziwa Rukwa. Sisi tumewekwa katikati, penye upepo. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya alfajiri hututia jikoni karibu na moto, na nyasi za vilimani hugeuka rangi ya mchanga. Walakini mahali penye maji kidogo ardhi hailali, kama nitakavyoeleza.

Nyuma ya nyumba yetu kipo kiwanja cha hatua 20 kwa 14, nacho chateremka polepole kuelekea kisima. Mwaka huu bustani hiyo haikuwa mchezo. Binti yetu atazamiwa kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari, tena shule ya bweni. Ni kweli ya kwamba ada ya sekondari katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini godoro, sare, viatu na ndoo havikuondolewa. Mke wangu aliyahesabu magunia ya mahindi, akaniambia, “Baba, haya ni ya kula. Godoro litatoka bustanini.”

Naliogopa kidogo, kwa sababu mwaka uliotangulia bustani ilinishinda. Nalichukua mavi ya mbuzi mabichi, nikayachanganya na udongo, nikapanda miche ya kabichi siku ile ile. Hata wiki haijaisha miche ikanyauka, mizizi imeungua. Tena matuta yangu nalikuwa nimeyanyosha kufuata mteremko, mazuri sana kuyatazama, na mvua ya Machi ikayafanya mifereji, ikabeba udongo mwema hadi kwa jirani. Yeye hakulalamika.

Mama yangu, ambaye ni mzee sasa, alikuja akatazama, akaniuliza, “Mwanangu, huko shuleni hamkufundishwa ntumba?”

Hapana, hatukufundishwa, na hapa yanipasa kukiri jambo mbele ya walimu wenzangu. Miaka mingi naliwaambia watoto ya kuwa vilima vya mviringo katika mashamba ya bibi zao ni kazi ya watu wasioweza kupima mstari. Sasa naona aliyekuwa hajui ni mimi.

Ntumba hufanywa hivi. Mvua zikiwa bado zanyesha, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, mkulima hukata bonge la ardhi pamoja na nyasi zake, hulipindua juu ya nyasi nyingine, akaongeza bonge juu ya bonge, hata pawe na kilima kidogo: nyasi ndani, udongo nje. Juu yake yaweza kupandwa maharage. Ndani, nyasi zafukuta kwa joto na unyevu, zaoza taratibu, zageuka mboji. Kilima chakaa hivyo kiangazi chote. Mvua za Novemba zikianza, chabomolewa, udongo wake mweusi watandazwa, ukapandwa ulezi. Tazameni akili iliyomo. Wabemba wa Zambia, wenye miti mingi, hukata matawi wakayachoma, wakapanda ulezi katika majivu. Sehemu kubwa ya uwanda wetu ni nyasi tupu, na udongo wake umeoshwa na mvua tangu zamani. Basi wazee wetu waliiacha miti michache isimame, wakazizika nyasi. Roy Willis, Mwingereza aliyekuja kujifunza desturi za Wafipa katika miaka ya 1960, aliandika habari za vilima hivi. Mtu wa mbali aliviona, nami niliyezaliwa katikati yake nalivicheka.

Basi mwezi wa Februari mwaka huu mama alikaa juu ya kigoda akaniamuru, nami nikapindua ardhi. Tulipata ntumba 30. Mwezi wa Mei nalibomoa 18 kwa ajili ya mboga. Nalipotia jembe katika ya kwanza, udongo ulikuwa mweusi, mwepesi, una nyungunyungu wengi. Nikafanya matuta mapana yanayokata mteremko, nikahamishia vitunguu na kabichi kutoka kitaluni, nikapanda na karoti.

Karoti zilitucheka. Nyasi chache zilikuwa bado hazijaoza, na kila mzizi uliogonga shina gumu uligawanyika ukawa na miguu miwili, mingine mitatu. Watoto walizivisha majani wakazifanya watu. Tulizila zote wenyewe, maana sokoni hazikubaliki. Nyanya sitazieleza sana: baridi ilizidumaza, na zile zilizosalia zilitobolewa na yule mdudu aitwaye kantangaze, aliyetoka Amerika ya Kusini akafika Tanzania mwaka 2014. Mwakani sipandi nyanya.

Sasa habari za ujenzi. Kuku wetu walikuwa wakifukua kitalu kila asubuhi, kwa hiyo nalikusudia kuwajengea banda. Nalipiga matofali, nikayaanika, nikajenga ukuta bila kuyachoma, karibu kabisa na bustani ili samadi iwe jirani. Sikufikiri ya kwamba maji ninayomwagilia yatatembea chini ya ardhi. Baada ya majuma matatu kona moja ilizama, ukuta ukapasuka, na usiku mmoja ukalala. Kwa bahati kuku walikuwa bado wanalala jikoni. Nalijenga mara ya pili upande wa juu wa kiwanja, juu ya msingi wa mawe. Sakafu nimeinua kwa fito, ili mavi yaanguke chini nami niyakusanye kwa koleo. Siku hizi siyatii bustanini mabichi. Huyaweka shimoni pamoja na majani na majivu hata yasiwe na joto wala harufu.

Fito zilizobaki zilitosha kichanja chini ya upenu. Ndicho kilichotuokoa, kama mtakavyoona.

Mwezi wa Septemba kisima kilishuka. Asubuhi tulipata madebe manane, mwisho matano, na bustani ilitaka kumi. Mimi, kwa kupenda haki, nalitaka kila tuta lipewe sawasawa. Mke wangu akanionyesha vitunguu: shingo zake zilikwisha kulegea na majani kuanguka. “Hivi havitaki maji tena,” akasema, “ukivinywesha vitaozea ghalani.” Basi vitunguu vikanyimwa, kabichi zikapewa yote, tena mashina yake tukayafunika nyasi kavu ili jua lisinywe kabla ya mizizi. Vitunguu vikang'olewa vikalazwa kichanjani kivulini, penye upepo, kwa siku 12. Vilikauka vizuri, ganda lalia likiguswa.

Kati ya miche 60 ya kabichi tulivuna 41. Mingine ilichukuliwa na vidukari kabla hatujawanyunyizia maji ya sabuni. Vitunguu vilikuwa debe nne na nusu. Hatukuviuza siku za mavuno, wakati kila mtu ana vyake. Tulingoja majuma matatu, tukauza debe tatu kwa bei iliyo bora. Godoro limenunuliwa, nalo limesimama ukutani katika chumba cha wageni, na binti hulitazama kila apitapo. Kitambaa cha sare kiko kwa fundi. Viatu bado, twatumaini mayai.

Zimebaki ntumba 12 ambazo sikuzigusa. Mama asema ni za ulezi, kama desturi, na mbegu ameshazichagua. Mimi nataka kuzitia vitunguu vya mapema. Mawingu yameanza kuonekana upande wa Mbizi, nasi hatujapatana.