Mawimbi Yapo, Nafasi Hakuna

Saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, chumba cha huduma kwa wateja. Kioo cha simu kinaonyesha mawimbi yote, lakini ukipiga unakutana na mlio wa laini inayotumika. Bosi analaumu mtandao dhaifu, na fundi asiyepima anakimbilia kuongeza nguvu ya antena. Mawimbi hayana kosa. Kilichokwisha ni nafasi ya kuongea.

Simu za ofisini zisizo na waya, hizi za DECT, hugawana wakati. Katika kila milisekunde 10 redio ya kituo, kifaa kinachopokea simu hizi, huwa na vipande 24: 12 vya kwenda, 12 vya kurudi. Mazungumzo hayawezi kuzidi 12 kwa mpigo, na vituo vingi vinavyotumia kebo ya kompyuta huishia 8.

Je, njia 8 zinatosha watu wangapi? Jibu linatoka kwa Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha fomula yake mwaka 1917. Mpaka leo sijaona mbadala wake. Anayeongea dakika 9 katika saa yenye pilika kuliko zote huleta mzigo wa erlang 0.15; erlang 1 ni njia moja kutumika saa nzima. Ukikubali simu 1 kati ya 100 ikose nafasi, njia 8 hubeba erlang 3.13, yaani watu kama 20. Wahasibu na wanasheria watatosheka. Lakini watu 15 wa huduma kwa wateja, kila mmoja akiongea nusu saa, huleta erlang 7.5. Hapo ndipo ghorofa ya tatu ilipokwama.

Suala la mawimbi kufika halimalizwi mezani. Vitabu vya vifaa hutaja mita 50 ndani ya jengo, nami siziamini hata kidogo mpaka nitembee. Nafunga kituo juu ya ngazi ya fundi, nafunga milango yote, hasa ile mizito ya kuzuia moto, kisha natembea na simu huku nikitia alama ya penseli kwenye ramani kila kipimo cha mawimbi kinaposhuka chini ya hasi 70 dBm. Zege lenye nondo, kabati za chuma na lifti hula mawimbi vibaya. Pia maeneo ya vituo viwili lazima yapandane, ili anayetembea akiongea apokewe na kituo cha pili kabla hajapotea kwa cha kwanza.

Pale ghorofa ya tatu, vituo viwili kila kimoja pembe yake, visivyosaidiana, vingebeba erlang 6.26 tu. Tukavitundika ndani ya chumba kilekile, simu ikikosa nafasi huku inakwenda kule. Njia 16 zinazotumika kwa pamoja hubeba erlang 8.88.