Bingwa wa Pikipiki Aliyekufa Njiani

Wazazi wengi wa Kasulu na Kibondo wana kijana mwenye pikipiki, au anayeitamani usiku na mchana. Yafaa basi wasikie habari za mchezo mmoja wa mbali, uitwao spidwei, na za mashujaa wake waliokufa.

Mchezo huu ulianza Australia katika miaka ya 1920, ukaingia Uingereza mwaka 1928. Leo wapendwa sana huko Poland, nchi alikozaliwa Papa Yohane Paulo II. Waendeshaji wanne hushindana katika uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Huzunguka mara nne, daima wakikata kona kushoto, na kwa dakika moja hivi wamekwisha maliza. Pikipiki zao hazina breki hata moja! Kwenye kona mwendeshaji huacha gurudumu la nyuma liteleze, huku akiburuza mguu wa kushoto uliovikwa kiatu cha chuma. Mahali paliponyoka mwendo hupita kilometa 100 kwa saa.

Mchezo wa namna hii haukosi misiba. Tom Farndon, Mwingereza aliyesifika sana, aliangukia uwanjani London mwezi wa Agosti 1935, akafa baada ya siku chache. Lee Richardson, Mwingereza mwingine, aligonga ukingo wa uwanja huko Wrocław, Poland, mwezi wa Mei 2012, akafa akiwa na miaka 33. Mei 2016 kijana wa Poland, Krystian Rempała, alianguka katika mashindano na kofia yake ngumu ikamtoka kichwani. Alifariki siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 18 tu.

Wenye mchezo hawakukaa kulia tu. Walijifunza. Mwendeshaji hufunga mkononi kamba iliyoungana na mtambo. Akianguka, kamba huchomoka na mtambo huzimika papo hapo. Kona za viwanja vingi zimezungushiwa mito mikubwa iliyojazwa hewa, ili anayeligonga boma asivunjike. Gari la wagonjwa lisipokuwapo, mashindano hayaanzi.

Lakini kati ya mashujaa hao wote, mmoja ana neno la kutuambia sisi. Jina lake Alfred Smoczyk, wa mji wa Leszno, bingwa wa Poland mwaka 1949. Uwanjani, juu ya pikipiki isiyo na breki, hakuna aliyemweza. Mwezi wa Septemba 1950 alikuwa akisafiri kwa pikipiki katika barabara ya kawaida. Akapata ajali, akafa, hajatimiza miaka 22. Uwanja wa Leszno umepewa jina lake, na mashindano ya kumkumbuka yamefanyika huko mara nyingi.

Tufikiri kidogo. Uwanjani wote huenda upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele yako, wala ng'ombe anayevuka, wala mtoto aliyebeba ndoo ya maji. Katika njia zetu vyote hivyo vipo. Wakati wa kiangazi vumbi la lori humfumba macho dereva. Masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Na kijana wetu wa bodaboda? Kofia ameitundika kwenye usukani, na nyuma amepakia mshikaki wa watu watatu. Kweli, bingwa asiye na breki ana ulinzi kuliko mama anayepelekwa hospitali ya Kabanga!

Hatusemi pikipiki ni mbaya. Imewaokoa wagonjwa wengi, imefikisha mahindi na maharage sokoni, na vijana wengi wamejenga nyumba kwa fedha yake. Kinachotakiwa ni akili. Wataalamu waliolinganisha uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendeshaji kwa 42 katika kila 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika kila 100. Lakini ni lazima ifungwe ukanda barabara chini ya kidevu. Kofia iliyolegea ni mzigo tu.

Basi baba, usimkabidhi mtoto pikipiki kabla hajafundishwa na kupata leseni. Kijana, chukua abiria mmoja, naye umpe kofia yake. Mama, wewe uliyeketi nyuma una kinywa: sema, "Mwanangu, punguza mwendo." Akikataa, shuka. Afadhali kuchelewa sokoni.

Hapa kwetu hakuna uwanja uliopewa jina la kijana aliyekufa kwa pikipiki. Kumbukumbu yake imebaki nyumbani kwa mama yake, na kwa watoto wanaomwuliza bibi baba yuko wapi. Tukitaka kuwaheshimu marehemu hao, tufanye kama watu wa spidwei: kila ajali itufundishe jambo, na jambo hilo tulishike kabla kijana mwingine hajawasha pikipiki.