Fahamu: Kwa nini timu inayojijenga upya humtoa mkongwe wake hodari

Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, timu iliyokwisha kukata tamaa ya ubingwa aghalabu humtoa mkongwe wake angali hodari, ikapokea badala yake vijana wasiojulikana, kwa kuwa mshahara mnono wa mtu asiyeweza kuiokoa timu peke yake ni mzigo mzito juu ya hazina. Tarehe 31 Agosti 2017 Detroit Tigers walimpeleka Houston Astros mrushaji Justin Verlander, mwenye miaka 34, aliyewatumikia tangu 2005, naye kwa ridhaa yake, maana kanuni humpa mkongwe wa namna hiyo haki ya kukataa. Akatwaa ubingwa mwaka ule ule, kisha tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2019 na 2022, ilhali Detroit mwaka 2019 walishindwa mechi 114. Katika vijana watatu waliopokewa, Franklin Perez, aliyetarajiwa kuliko wenziwe, aliandamwa na majeraha. Aliyedumu ni mdakaji Jake Rogers.

Je, walikosea? Sidhani, maadamu kumbakiza kusingaliwapa ubingwa. Kosa lilikuwa katika kuchagua vijana, na Detroit hawakurejea katika mechi za mtoano hadi 2024.