Bega Lauma, Kumbe Kasoro Iko Mkononi

Fundi wa cherehani mtaani Kaloleni, Kisumu, au mama apaaye samaki ufuoni Dunga, akiumwa na bega hununua dawa ya kuchua. Hujichua wiki, hujichua mwezi, na bega halisikii. Je, msomaji, umewahi kujiuliza kama kasoro haiko begani?

Hebu kumbuka usiku wako. Iwapo huamshwa na ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, ukalazimika kuukung'uta mkono ndipo upate nafuu, basi huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Maradhi haya huitwa kapali taneli. Hapo kifundoni pana upenyo mwembamba, sakafu yake mifupa na dari yake ukano mgumu. Ndani hupita kano 9 za vidole pamoja na neva moja. Nafasi ikipungua, inayoumia ni neva. Kidole cha mwisho husalimika kwa kuwa neva yake ina njia nyingine.

Bega linaingiaje? Chimbuko la neva hiyo ni shingoni, nayo hupitia kwapani hadi kitangani. Ikibanwa chini, maumivu yaweza kupanda mpaka kiwikoni na hata begani. Mwaka 1973 wataalamu Upton na McComas walitoa hoja kwamba neva iliyokwisha kubanwa shingoni huumia upesi zaidi ikibanwa tena kifundoni. Hoja hiyo ingali yabishaniwa, lakini daktari mwangalifu hupima shingo, bega na mkono pamoja.

Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi. Kwa wajawazito, mara nyingi hali hupungua baada ya kujifungua.

Tiba ya kwanza ni nyepesi: kulala umefunga banzi linalokinyoosha kifundo, kwa wiki kadhaa. Isipofaa, ipo sindano ya steroidi, na hatimaye upasuaji mdogo wa kuukata ule ukano. Usingoje nyama ya chini ya kidole gumba ibonyee na vikombe vianze kukuponyoka, maana neva iliyofika hapo huenda isipone yote. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita "Russia", usitaje bega peke yake. Taja na vidole vinavyokufa ganzi.

Ila bega la kushoto linalouma pamoja na kifua, jasho jembamba na kukosa pumzi, hilo si la kungoja banzi. Huenda ni moyo. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.