Kuchagua Kamera ya Dijitali: Mwongozo kwa Walaji wa Bukoba na Muleba

Mlaji anayeingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Bukoba au Muleba kutafuta kamera hukutana kwanza na tarakimu. Boksi moja limeandikwa megapikseli 24, jingine 48, na jingine, ambalo bei yake ni ndogo kuliko yote, limeandikwa 64. Muuzaji akiulizwa ipi ni bora, mara nyingi hunyoosha kidole kwenye tarakimu kubwa zaidi. Tunaanza na tarakimu hiyo kwa sababu ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi.

Pikseli ni nukta moja ya picha, na megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile inayowekwa kwenye albamu, ikichapishwa kwa nukta 300 katika kila inchi huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli mbili na kidogo. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji karibu megapikseli tisa. Picha ya A3 ya kuning'iniza sebuleni huhitaji kumi na saba na nusu hivi, na kwa kuwa hutazamwa kwa mbali, hata pungufu ya hapo hupendeza. Kwa hiyo kamera yoyote ya kweli ya megapikseli 20 au 24 inatosha kwa takriban kila kazi ambayo mkazi wa Kagera ataifanya.

Tumesema kamera ya kweli kwa makusudi. Katika kamera nyingi za bei ndogo zisizo na mtengenezaji anayejulikana, tarakimu ya kwenye boksi haitokani na kifaa kinachopokea mwanga. Kifaa hicho huweza kuwa na megapikseli tano au nane tu, na programu ya kamera hubuni nukta nyingine kwa kukisia kilichopo kati ya nukta mbili za kweli. Ni kama kuongeza maji kwenye uji: kikombe kinajaa, unga ni uleule. Namna ya kulitambua jambo hili dukani ni nyepesi. Omba upige picha ya maandishi madogo, kwa mfano maelezo yaliyo nyuma ya boksi, kisha uikuze kwenye kioo cha kamera hadi mwisho. Herufi zikigeuka mabaka kama rangi iliyomwagikiwa maji ilhali tarakimu inadai megapikseli 48, basi mlaji amepata jibu lake.

Kinachostahili kuulizwa kabla ya megapikseli ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Wakazi wa Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia wastani wa takriban milimita 2,000, wataelewa upesi: ukitega kikombe na sinia chini ya mchirizi mmoja wa paa, sinia litakinga maji mengi zaidi kwa muda uleule. Kihisi cha kamera nyingi ndogo za mfukoni kina eneo la milimita za mraba 28 hivi. Kile kinachoitwa cha inchi moja kina 116. Kihisi cha aina ya APS-C, kinachopatikana katika kamera nyingi za kubadilisha lenzi, kina karibu 370, na kile kamili, ambacho ukubwa wake unafuata filamu ya zamani ya milimita 35, kina 864. Kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo picha ya mahali penye giza inavyojaa chenga.

Mahali penye giza ndipo kamera nyingi hushindwa. Watu wengi wa mkoa huu hununua kamera kwa ajili ya harusi, ubatizo, kipaimara, sendofu na mahafali, na shughuli hizo hufanyika ndani: kanisani, ukumbini, au nyumbani jioni wakati umeme umekatika na taa ni ya jua. Wapo pia wanaotaka kumpiga picha bibi au babu ndani ya msonge, ambako mwanga huingia kwa mlango mmoja tu. Kamera iliyotoa picha safi barabarani saa sita mchana haijathibitisha chochote kuhusu kazi hizo. Kwa sababu hiyo tunashauri mnunuzi aombe kuijaribu kamera kwenye pembe yenye giza kuliko zote dukani, bila taa ya flashi, akimpiga picha mtu na si boksi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ametoa taarifa ya kutosha kuhusu bidhaa yake.

Katika mazingira hayo lenzi ina uzito uleule wa kihisi, pengine zaidi. Lenzi inayokuja pamoja na kamera, kwa kawaida ya milimita 18 hadi 55, huandikwa ukingoni namba 3.5-5.6. Namba hizo hueleza upana wa tundu la kupitisha mwanga, na hapa hesabu huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya milimita 50 yenye namba 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa watengenezaji wengi wakubwa, hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya 5.6. Haiwezi kuvuta picha karibu wala kuisogeza mbali. Mpigaji hulazimika kusogea kwa miguu yake. Hata hivyo, fundi picha wa Nshamba au Kamachumu mwenye bajeti ya kubana angefaidika zaidi kwa kununua mwili wa kamera wa kizazi cha nyuma pamoja na lenzi hiyo kuliko kumaliza fedha zote kwenye mwili mpya wenye lenzi ya kawaida.

Jambo jingine huwahusu wateja wenye ngozi nyeusi, yaani karibu sisi sote. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mandhari yote kwa wastani ni ya kijivu. Bibi harusi akivaa shela jeupe akasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hugeuka kivuli. Si kosa la uso wake. Dawa ni kitufe au gurudumu lenye alama za kujumlisha na kutoa, ambalo humwezesha mpigaji kuongeza mwanga hatua moja au mbili. Kamera isiyo na kitufe hicho, au iliyokificha ndani kabisa ya menyu, haifai kwa kazi ya kulipwa.

Kwa wengine mahitaji ni madogo kuliko wanavyoambiwa. Ofisa ugani anayetaka kuonyesha jani la mgomba lililopata mnyauko, mwalimu anayeweka kumbukumbu za shule, au familia inayotaka picha za watoto za kutumiana kwa simu, wanaweza kubaki na simu waliyo nayo iwapo inatoa picha safi mchana. Kununua kamera ya mfukoni ya bei ndogo mara nyingi ni kurudi nyuma, kwa kuwa simu nyingi za sasa za bei ya kati huishinda. Hatuoni sababu ya kumshawishi mlaji atumie fedha ambazo hahitaji kuzitumia.

Anayetaka kupiga picha za mpira Uwanja wa Kaitaba, ndege wa ziwani, au mitumbwi ikiwa mbali na mwalo, huyo anahitaji uwezo wa kuvuta karibu. Kuna uvutaji wa lenzi, ambapo vioo husogea, na kuna uvutaji wa dijitali, ambao ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Wa kwanza ndio wenye thamani. Boksi likiandika mara 40 bila kusema ni upi, ichukuliwe kwamba sehemu kubwa ni wa pili mpaka muuzaji aonyeshe vingine.

Kwa walio visiwani, kama Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, betri ni suala la kwanza kabla ya picha yenyewe. Kamera za zamani zenye kioo cha ndani hudumu muda mrefu zaidi kwa chaji moja kuliko nyingi zisizo na kioo hicho, ingawa watengenezaji wakubwa kama Canon na Nikon sasa wameelekeza nguvu zao kwa hizi za pili. Bei ya betri ya ziada iulizwe siku ileile ya kununua kamera.

Unyevu wa ukanda wa ziwa nao una gharama yake, nayo haiandikwi kwenye boksi. Lenzi iliyofungiwa miezi kadhaa ndani ya mkoba wa ngozi au kabati lisilopitisha hewa huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ambazo zikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyo juu ya kioo. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba, vinatosha kuizuia. Vijipakiti hivyo huchoka na vinahitaji kubadilishwa. Kamera itumike mara kwa mara. Mwanga na hewa ni adui wa kuvu.

Kuvu hiyo ndiyo inayotuleta kwenye kamera zilizokwisha kutumika, ambazo kwa wengi ndizo pekee wanazozimudu. Wala si vibaya kuzinunua. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi upande mmoja huku ukitazama upande wa pili, nyuzi zitaonekana. Uliza kamera imeshapiga picha ngapi. Shata ya kamera ya daraja la kawaida kwa wastani hutarajiwa kudumu picha 100,000 hivi, na fundi anayepiga picha 1,500 katika kila harusi hufikisha 90,000 kwa harusi 60. Mwonekano wa nje, hata uking'aa, hauonyeshi hesabu hiyo. Iwashe uone lugha ya menyu, kwa kuwa baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina Kijapani pekee. Soma maandishi ya chaja: 100-240V inafaa kwa umeme wetu wa volti 230, lakini yenye 100V au 120V pekee itaungua. Kamera ya video iliyopangwa kwa nchi zenye umeme wa mzunguko wa 60 huweza kutoa mistari inayocheza chini ya taa za mirija, kwani wetu ni wa 50. Hakikisha mpangilio huo unabadilika.

Tumeiacha kadi ya kumbukumbu hadi hapa ingawa ndiyo yenye hasara chungu kuliko zote, kwa sababu kamera mbovu hurudishwa lakini harusi hairudiwi. Zipo kadi bandia zilizochapwa gigabaiti 128 na kupangwa zijitambulishe hivyo, ilhali nafasi ya kweli ni gigabaiti nane. Kadi ya namna hiyo hupokea picha bila kulalamika. Nafasi ya kweli ikijaa, huanza kuandika juu ya picha za mwanzo au kuhifadhi mafaili matupu, na mpigaji hujua baadaye, wakati maharusi wanasubiri albamu. Kuitazama kwa macho hakutoshi. Kadi mpya ijazwe yote kwenye kompyuta kabla ya kazi yoyote, kisha mafaili yafunguliwe. Programu ya bure ya H2testw hufanya kazi hiyo yenyewe na kutoa jibu. Kwa kazi ya kulipwa, kadi mbili au tatu za gigabaiti 32 ni salama kuliko moja kubwa, kwani ikiharibika moja hazipotei picha zote.

Baadhi ya wakazi huvuka Mutukula kwenda kununua Kampala. Wanaruhusiwa, ila wazingatie ushuru wa forodha, na waulize kabla ya kulipa kama waranti inatambulika Tanzania. Waranti isiyotambulika hapa maana yake ni nauli nyingine ya kwenda na kurudi.

Hatimaye, namna mlaji anavyozungumza dukani ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anayemweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi yake na kutegemea ujuzi wake ana haki ya kutarajia bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Anayetaja jina la modeli tu na kulipa huweza kuikosa kinga hiyo. Hivyo ni bora kusema, mbele ya shahidi ikiwezekana: "Naomba kamera ya kupigia harusi ndani ya kanisa." Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya.

Dai risiti ya EFD, na uhakikishe imeandikwa jina la modeli pamoja na namba ya utambulisho iliyo chini ya kamera, si neno "kamera" peke yake. Tunza boksi, maana tarakimu iliyochapwa juu yake ndiyo ushahidi wa ahadi uliyopewa. Ukigundua kasoro, acha kuitumia kamera, mrudie muuzaji mapema na umweleze kwa maandishi. Akikataa, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na nakala ya risiti, picha ya boksi pande zote, na picha mbili tatu ulizopiga kwa kamera hiyo zinazoonyesha kasoro yenyewe.