Utangulizi: Kinyama Jichoni mwa Mbwa

Lipo tawi la tiba ya wanyama ambalo bado halijazoeleka vijijini kwetu: upasuaji wa macho. Mfugaji wa hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, anajua kuogesha ng'ombe joshoni na kumchanja mbwa dhidi ya kichaa. Lakini mbwa huyo, mlinzi wa zizi na wa mahindi ghalani, akiota kinyama jichoni, mara nyingi huachwa hivyo hivyo.

Tuanze na konea, kioo angavu cha mbele ya jicho. Kwa mbwa, unene wake ni kama nusu milimita tu, na haina mishipa ya damu. Vinyama vinavyoota hapo si vya aina moja. Dermoidi ni ya kuzaliwa nayo: kipande cha ngozi kilichojijenga pasipo mahali pake, aghalabu kwenye ukingo wa nje wa konea, na mara nyingi huota nywele. Vingine ni uvimbe, pengine wa saratani. Ipo pia panasi, utando unaochochewa na jua kali. Huo kwa kawaida hutulizwa kwa dawa.

Wilaya yetu ya Kongwa inayajua madhara ya nywele jichoni. Trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, imetafitiwa hapa kwa miongo kadhaa. Kope zikigeukia ndani hukwaruza konea ya mtu hadi apofuke. Nywele za dermoidi nazo humkwaruza mbwa: machozi, kidonda, kisha kovu.

Tiba ya dermoidi ni kisu. Mbwa hupewa nusu kaputi, na daktari, akitazama kwa lenzi ya kukuza, hubandua kinyama pamoja na tabaka jembamba la konea. Asipofika kina cha kutosha, nywele huota tena. Akizidisha, jicho hutoboka.

Baada ya hapo kazi ni ya mwenye mbwa. Seli za juu husogea kutoka pembeni na kwa kawaida hufunika jeraha ndani ya wiki moja au mbili. Tabaka la chini huchukua miezi kukomaa. Mbwa avikwe kola pana asijikune, atiwe matone ya antibiotiki kwa wakati, na akingwe na vumbi. Asitiwe dawa yenye steroidi jeraha likiwa bichi, kwani huchelewesha kupona na huweza kuiyeyusha konea.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha madaktari wa mifugo, na barabara ya kwenda huko inapita hapa Kibaigwa. Ukiona doa au nywele juu ya jicho la mbwa wako, mtafute daktari mapema, kinyama kikiwa bado kidogo.